Naomba ushauri: uzamili kuhusu miji ya kale ya pwani, nishike njia ipi?
Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya kwanza ya historia na natafuta mada ya uzamili kuhusu miji kama Kilwa Kisiwani. Kila fani ina mlango wake: wanaakiolojia wanachimba, wanaisimu wanafuatilia lugha, na mwaka 2023 wanajenetiki walichapisha matokeo ya DNA ya mifupa ya kale ya pwani, yakionyesha asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama na ya Kiajemi kwa akina baba. Maabara siijui (baiolojia niliiacha kidato cha pili), ila Kiarabu nasoma vizuri. Nibaki na hati na masimulizi, au nitafute msimamizi wa pili wa akiolojia? Mliosimamiwa na idara mbili, hawakuwavuta huku na huku?