Nimekuta kigango makumbusho ya sanaa Marekani. Nimwambie tsawe, babu yangu?

BintiKaloleni:
Hamjambo. Niko huku kimasomo, mwaka wa pili. Jumamosi niliingia makumbusho ya sanaa, wanafunzi hatulipi, na kusema kweli nilifuata joto. Baada ya vinyago vya Kongo, nikakutana na kigango, ile nguzo ya mbao tunayomchongea marehemu kwetu pwani. Kimesimama peke yake kwenye ukuta mweupe, taa imekimulika, zile pembetatu za kuchongwa bado zina wekundu kidogo. Kibandiko: nguzo ya ukumbusho, Kenya, mchongaji hajulikani. Mchongaji! Hakuna aliyeuliza marehemu ni nani.

Chini kimekatwa kwa msumeno. Hapo miguu iliniisha nguvu, maana sehemu ile ndiyo inayokaa ardhini.

Mlinzi akaniambia nirudi nyuma, nimekaribia mno. Nikarudi. Nyumbani nako tulikatazwa kuvisogelea vigango, ila tsawe alikuwa akivimwagia mnazi na kuzungumza navyo.

Sasa nimpigie simu nimwambie? Na hawa wa makumbusho niwaandikie nini? Mlangoni wana karatasi ya maoni, "umejisikiaje leo?" Niliiacha tupu.

Seremala wa Mtwapa:
Dada, vingebaki huku vingeliwa na mchwa. Na walioviiba si vijana wetu wenyewe, usiku, wakawauzia wenye maduka ya vinyago?

BintiKaloleni:
Mchwa wana haki yao, kaka. Familia ikihama, kigango kinaachwa palepale kioze. Hilo la vijana sina la kukujibu. Hata kwetu tunajua nani aliuza.

Mwalimu Mstaafu, Ribe:
Usiandike hisia, andika ushahidi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya nduguze. Vikaibwa. Miaka mingi baadaye, kwenye kongamano, Udvardy akaonyeshwa picha ya kigango kilichoko Marekani, akakitambua. Mwaka 2007 kilichokuwa makumbusho ya jimbo la Illinois kilirudi kwa familia. Bila ile picha kisingerudi. Makumbusho ya Denver nayo yaliamua mwaka 2014 kurudisha 30, lakini shida ikawa ni vya boma gani. Kwa hiyo omba namba ya usajili, nani aliwapa na mwaka gani. Wana rejista, watakujibu.

Mama Dama:
Mwanangu, tsawe usimwambie kwa simu. Mwambie babako kwanza, yeye atajua siku ya kuketi naye. Na kama si chenu? Utamwamshia mzee msiba wa wenyewe.

BintiKaloleni:
Asante mama. Nimeongea na baba. Amenyamaza muda mrefu, halafu akasema picha ya boma la zamani ipo moja tu, ya harusi ya shangazi. Nyuma ya turubai vinaonekana vichwa viwili vya vigango. Ameahidi kuituma kesho akipata mtu mwenye simu nzuri.