Naomba ushauri: nyumba na kazi Lubumbashi, kadi inanikwamisha

Msafiri_Ruashi: Habari zenu wakubwa. Nimetoka kwa wazazi, natafuta nyumba ya kupanga na kazi. Tatizo ni kadi ya kura, ndiyo kitambulisho chetu huku, picha yangu imepitwa na wakati. Mwenye lupango, yaani mwenye nyumba, anaangalia kadi, ananiangalia mimi, halafu "tutakupigia". Kwenye kazi ni vilevile, diploma ya Leta, ya kumaliza sekondari, ninayo lakini kimya. Nifanyeje?

Yaya Fundi: Kadi ni za 2023, picha imezeeka lini? Yangu nimetoka kama mwizi wa kuku na Katuba walinipangisha.

Mama Tatu: Nilipoachana na mume nilizunguka komini ya Kenya yote, hapa hapa Lubumbashi, kila lango "bwana yuko wapi?" Mwisho kaka yangu akaja kujifanya mpangaji. Mpaka leo akija kula bukari anakagua kuta, anauliza nani kapigilia misumari kwenye nyumba yake.

Kalamu: Mwenye uzi, hujasema kitu. Picha ina tofauti gani na wewe?

Msafiri_Ruashi: Haya. Kadi ina jina la kike. Tangu mwaka jana naishi kama mwanaume. Nimeanza dawa, sauti imeshuka, ndevu zinachungulia. Na nyumba nimeshapata, Bel-Air, dola 60. Nimelipa nusu ya garanti, ile amana ya nyumba, kwa kadi ya binamu yangu, tunafanana. Alinipa mwenyewe, sikuiba.

Mtumishi: Mwanangu, Mungu hakosei. Rudi kwa mama yako, uache hizo dawa, tukuombee.

Yaya Fundi: Mtumishi, kaomba nyumba, hakuomba ibada.

Karani: Sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Jina unaweza kuomba kulibadili mahakamani, kwenye tribinali ya amani, ukiwa na sababu ya haki, Kanuni ya Familia inaruhusu. Jinsia ni habari nyingine, usitegemee. Kuishi hivyo sheria ya jinai haikutaji, ila kuna kifungu 176, aibu ya hadharani, wanaokitafuta hukitumia. Kinachoniogopesha mimi ni kadi ya mwenzako. Mwenye lupango akikasirika hatasema habari za ndevu, atasema umemdanganya kwa karatasi. Binamu aje asaini mwenyewe, wewe uandikwe unakaa naye.

Msafiri_Ruashi: Binamu yuko Likasi, hana nafasi. Halafu kuna duka la simu wanataka mtu haraka. Nikisema ukweli nakosa, nikinyamaza nakula. Nikitulia nitamrudishia kadi yake.

Mpitanjia: Hii imetungwa. Bel-Air dola 60? Na nani anaachia kadi ya kura? Bila kadi hata laini ya simu hupati.

Yaya Fundi: Dola 60 ni chumba kimoja, choo cha wote.

Mama Tatu: Hata viwili vinapatikana, ukikubali kuchota maji kwa jirani.

Mpitanjia: Basi atupe namba ya komisionere, huyo dalali wake, tuhamie wote.

Msafiri_Ruashi: Vyumba viwili, choo ndani. Kama hamuamini acheni.

Kalamu: Choo ndani, dola 60! Mwenye nyumba umemwona? Na risiti ina jina la nani?

Msafiri_Ruashi: Mwenye nyumba yuko safarini. Risiti komisionere alisema ataleta Jumatatu.

Mama Tatu: Jumatatu ipi, mwanangu?