Darasa la Kihispania cha "wanaoanza" limejaa watu wanaokijua, na chuo kinatazama tu

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Wewe uliyeko Marekani, au unayejiandaa kuja kusoma shahada ya kwanza huku, ukikuta kwenye orodha ya kozi Kihispania cha mkazo (yaani cha mwendo wa haraka) kwa wanaoanza, uliza maswali kabla hujajisajili. Mimi niko ndani. Muhula umeshavuka nusu na ninachokiona ni dhuluma ya mchana kweupe.

Kwa wasiojua mambo ya huku: vyuo vingi vya Marekani havikupi shahada, hasa za sanaa na sayansi, mpaka uwe umesoma lugha ya kigeni hadi kiwango fulani. Kihispania ndicho kinachosomwa na wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kigeni vyuoni. Mimi sikukichukua kwa kulazimishwa. Nasoma afya ya jamii, na kliniki tunazopelekwa kwa vitendo zimejaa akina mama wa Mexico na Guatemala ambao wanakaa na daktari bila kuelewana naye, wakisubiri mtoto wao wa darasa la nne awatafsirie ugonjwa wao. Nilitaka kuweza kuzungumza nao mwenyewe.

Sasa hii ya mkazo ni kozi mbili za kawaida zilizobanwa kuwa moja. Saa moja kila siku, siku 5 kwa wiki, muhula wa wiki 15. Piga hesabu: ni kama saa 75 darasani, kuanzia hola (hujambo) mpaka subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka, kutumaini au kushuku jambo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe, inapowafundisha wanadiplomasia wake, inakihesabu Kihispania kuwa miongoni mwa lugha rahisi kwa mzungumzaji wa Kiingereza, na bado inawapa wiki zipatazo 30 za masomo ya kutwa, zaidi ya saa 600. Najua lengo lao ni kubwa kuliko letu. Lakini hiyo inakuonyesha kwamba lugha inataka muda, na muda wenyewe ndio tuliopunjwa.

Hilo la muda ningelivumilia. Lililonifungua mdomo ni watu waliomo darasani.

Watoto wengi wa huku wanasoma Kihispania sekondari, miaka miwili, mitatu, wengine minne. Wakifika chuo wanafanya jaribio la kupangiwa kiwango, na hapa kwetu linafanywa kwenye kompyuta, chumbani kwako, bila msimamizi. Anayetaka kuokota alama ya A kirahisi anakosea makusudi, anapangwa na wanaoanza. Hawafichi hata kidogo! Wanasimuliana kwenye korido, tena mbele yetu, namna walivyojibu ovyo ili wasipelekwe kozi ya juu. Idara inajua. Rekodi za sekondari za kila mwanafunzi chuo kinazo tangu siku alipoomba nafasi. Ni suala la mtu mmoja ofisini kufungua faili na kuangalia.

Wapo pia waliolelewa na bibi anayezungumza Kihispania nyumbani. Hao sigombani nao. Wengi wanaongea vizuri lakini hawajawahi kufundishwa kuandika, na kuna vyuo vina kozi yao maalumu kwa sababu hiyo hiyo. Chetu hakijaifungua muhula huu, kwa hiyo wametupwa nasi, nao wanachoka kusubiri wakati sisi tunakimbizwa. Hakuna anayefaidika hapo.

Matokeo yake mwendo wa darasa unapangwa na wanaojua. Mwalimu akiuliza swali, mikono kumi iko juu kabla sijaielewa sentensi. Anaona darasa limeelewa, anasonga mbele. Vitenzi vya wakati uliopo, vile vya kawaida pamoja na vile vinavyobadilika bila utaratibu, tulivipita kwa kasi ambayo mtu aliyeviona sekondari anakumbushwa tu, na mtu ambaye hajawahi kuviona anabaki ameshika kitabu.

Na mnielewe vizuri, mswahili hana shida ya kuzaliwa nayo kwenye lugha hii. Irabu zao tano ni zetu. Ñ ni ny yetu. J yao ya kooni haimsumbui mtu aliyepita madrasa. Matamshi yangu mwalimu mwenyewe ameyasifu kuliko ya Wamarekani wengi mle ndani. Kizingiti ni kitenzi. Sisi kwenye ninasoma, walisoma, mtasoma, mzizi umekaa pale pale, kazi inafanywa na viambishi vya mbele. Kihispania kinakata mkia wa kitenzi na kuweka mwingine kwa kila nafsi na kila wakati, halafu vitenzi vinavyotumika zaidi ndivyo vinavyovunja kanuni: tengo (nina), tuve (nilikuwa na), voy (naenda), fui (nilienda). Kitu kama hicho hakiingii kichwani kwa kuelezwa mara moja. Kinataka kurudiwa, na kurudia ndiko kulikofutwa kwenye ratiba.

Sasa njoo kwenye alama. Mtihani ni mmoja kwa madarasa yote, unapangwa na idara. Mwalimu wetu ni mwanafunzi wa uzamivu, mtu mwema, anajitahidi, ila hana mamlaka ya kupunguza mwendo hata siku moja. Kazi za nyumbani zinasahihishwa na programu ambayo lazima ununue namba ya kuingilia, zaidi ya dola 100, na namba hiyo inakufa muhula ukiisha, huwezi kumuuzia mwenzako wala kununua iliyotumika. Ukisahau alama ya mkazo juu ya herufi moja, jibu zima ni kosa, sawasawa na mtu ambaye hakujibu. Nakubali hablo (naongea) na habló (aliongea) ni vitu viwili. Lakini mwalimu wa kweli angekata nusu alama na kukueleza sababu.

Msiniambie niiache. Kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kubeba angalau yuniti 12 (yuniti ndicho kipimo cha uzito wa kozi) kila muhula wa kawaida. Kozi hii peke yake ina yuniti 5. Nikiitoa nashuka chini ya kiwango, na hapo siongei tena na idara ya lugha, naongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuhusu uhalali wangu wa kuwa nchini. Mmarekani aliyekaa kando yangu anaweza kuidondosha kesho asubuhi, mimi sina ruhusa hiyo. Niliomba nisomee kwa mtindo wa kufaulu au kufeli, alama isiingie kwenye GPA, yaani wastani wa alama zangu zote. Jibu: kozi ya sharti la kuhitimu hairuhusiwi. Na ufadhili wangu unataka GPA isishuke chini ya 3.0.

Mshauri wa masomo nilimweleza yote haya. Aliniambia nitafute mwalimu wa ziada. Yaani tatizo wamelitengeneza wao kwa uvivu wa kupanga watu, dawa nilipe mimi.

Ninachotaka si huruma. Jaribio la kiwango lifanyike chuoni, mbele ya msimamizi. Aliyesoma miaka miwili au zaidi sekondari asiruhusiwe kukaa darasa la wanaoanza kwa alama. Na pawe na darasa hata moja la watu ambao kweli hawajui kitu, linaloenda kwa mwendo wao. Ada tunalipa, tena sisi wageni tunalipa kubwa kuliko wenyeji wa jimbo.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wanasema nikaze tu, wengine wamefaulu. Mkuu, nakaza. Niko maktaba mpaka inafungwa, nasikiliza redio za Kihispania nikipika, na wapishi wa mgahawa wa chuo, watu wa Puebla, Mexico, wananisahihisha kila ninapochukua chakula. Kwao nimejifunza zaidi kuliko darasani. Bidii yangu haiwaondolei wao wajibu wa kupanga darasa kwa haki.

NYONGEZA 2: Kama kuna mtu humu aliwahi kupeleka malalamiko ya aina hii kwa mkuu wa idara au kwa msuluhishi wa chuo na akasikilizwa, aandike alianzia wapi na aliambatanisha nini. Ya kwangu iko tayari, tumesaini wanne wa darasa moja, na inaingia ofisini Jumatatu.