Nimeuziwa stata mbili na betri, kumbe shida ni waya wa ethi! Mafundi wa Nakuru mnatuonaje?

Wadau, naandika haya mikono ingali na grisi, kwa hivyo mnivumilie.

Gari langu ni Toyota Corolla ya 1994, ile modeli ya 100 ambayo nusu ya mafundi wa jua kali mjini hapa wamejifunzia kazi. Mwezi wa nne niliipeleka gereji moja upande wa Industrial Area ibadilishwe klachi. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Wiki mbili baadaye, asubuhi moja ya baridi ile yetu, nazungusha ufunguo: tik. Taa za dashibodi zinafifia, stata haizunguki. Nikaita vijana wa boda, tukasukuma, likawaka.

Nikarudi kwao. Fundi hata boneti hakuifungua vizuri. "Mzee, hiyo stata imeisha." Stata ya mtumba kutoka Japani, 4,500, na ya mkono 1,000. Likawaka siku tatu. Ya nne, tik. Sasa ikawa ni betri: 9,800. Nikalipa. Wiki haikwisha nikakwama mtaa wa Free Area, gari limeziba njia, matatu zinanipigia honi na makondakta wananitukania ukoo mzima. Nikawapigia simu. Jibu? "Hiyo stata ya kwanza ilikuwa mbovu, mzee, ya mtumba ni bahati nasibu. Leta tukuwekee ingine." 6,000, na mkono 1,500. Jumlisheni wenyewe: 22,800. Hiyo ni karo ya mtoto, na bado nasukuma gari na tai shingoni!

Jumapili shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja wa umeme wa magari huko Njoro. Mzee hakuuliza habari ya stata. Aliniambia nizungushe ufunguo mara tatu nne, kisha akashika kebo ya ekselereta, ile inayotoka kwa pedali kwenda kwa injini. Akaniita niishike. Ilikuwa ya moto! Nikadhani ananichezea mazingaombwe.

Akanieleza. Stata inavuta zaidi ya ampea 100, na umeme huo ukishapita kwenye stata lazima urudi kwenye betri kupitia waya wa ethi ulioungwa na giaboksi. Waya huo ukiwa mbovu, umeme unatafuta njia yoyote ya chuma kati ya injini na bodi, hata kebo nyembamba ya ekselereta. Ndiyo maana inachemka. Na ndiyo maana stata inabaki kulia tik tu: umeme unaoifikia unatosha kuvuta solenoidi, ile swichi ya stata, hautoshi kuzungusha injini.

Kisha akatoa mita. Betri peke yake, volti 12.6, mpya kabisa. Ncha moja akaiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia piga stata. Mita ikasoma volti 3.4, ndizo zinazopotea njiani. Alisema waya usio na kasoro hauzidishi hapo nusu volti, na ukiwa mzuri kabisa ni chini zaidi. Kipimo chenyewe hakikuchukua hata dakika mbili, na mita ya namna ile inauzwa bei ya sahani mbili za nyama choma.

Sasa sikieni lililonipandisha presha. Tulipoufuata ule waya hadi chini, karibu na giaboksi, tukakuta umezungushiwa tepu nyeusi. Mzee akaibandua. Waya ulikuwa umekatwa, ukasokotwa kwa mkono kama chaja ya simu, shaba imeshakuwa kijani! Nani aliyeshusha giaboksi mwezi wa nne? Ni wao. Waliukata, wakaficha, halafu wakaniuzia dawa ya ugonjwa waliouleta wenyewe.

Waya mpya mnene wenye vichwa vya shaba, 700. Mzee akasugua bodi na giaboksi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza nati, akapaka grisi kidogo juu. Mkono wake, 500. Gari linawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo.

Mafundi mlio humu, msianze kuniambia eti gari la zamani ni hivyo. Gari halikujikata waya. Kama huna mita, sema huna, mteja aende kwingine, badala ya kubahatisha kwa pesa yake. Nanyi wenzangu wenye magari ya miaka hiyo, likianza kulia tik baada ya kazi ya klachi au giaboksi, shikeni ile kebo kabla hamjatoa hata shilingi.

Kuna jambo moja bado. Stata yangu ya kwanza, iliyokuja na gari na ambayo sasa najua haikuwa na kasoro yoyote, walibaki nayo. "Hiyo ni chuma chakavu tu, mzee, tuachie." Jumamosi saa tatu naenda kuidai, na ile tepu nyeusi naibeba mfukoni.