Wanagawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, kisha wananiambia nikajifunze kusoma ramani

Wakuu, jibu lao nimelisoma sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Ile tovuti ya umbali na muda wa ndege, ambayo humu hakuna asiyeijua, inadai kwamba kutoka Heathrow ya London hadi JFK ya New York ni kilomita zipatazo 5,540, muda saa 6 na dakika 30, na kurudi ni vivyo hivyo. Niliwaandikia kwa adabu zote kwamba upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda New York hupangiwa karibu saa 8 na inayorudi karibu saa 7. Wakanijibu: "Jifunze kwanza kusoma ramani." Mimi! Kusoma ramani! Mtu aliyechukua kilomita akazigawanya kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, akasahau foleni ya kuruka na kuzunguka angani kungoja zamu ya kutua, ndiye anayenituma mimi darasani. Hata kobe angeona aibu kuniandikia sentensi ile.

Mchangiaji wa 1: Uko sahihi, mkuu. Namba yao ni ya njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ilhali juu ya Atlantiki njia hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo.

Mchangiaji wa 2: Tiketi yako si ilikuwa na saa ya kufika? Umeacha ulichokilipia, ukaenda kugombana na kikokotoo.

Mwenye uzi: Saa ya kufika kwenye tiketi ni ya kule uendako, na miji hiyo kwa kawaida hupishana kwa saa 5, ndiyo maana nilitafuta muda wenyewe wa kukaa ndani ya ndege. Nao wakanituma kwenye ramani. Ramani!

Mchangiaji wa 3: Hayo yako ni madogo. Mimi wananiudhi kwa kuandika "maili" bila kusema kama ni ya baharini, yenye mita 1,852, au ya nchi kavu, yenye mita 1,609 hivi. Kwa safari hiyo hiyo ya mleta uzi, tofauti inapita maili 400.

Mchangiaji wa 4: Afadhali nyinyi mnabishana juu ya anga. Wanaandika "Tokyo" wakati Narita, uwanja wa ndege unaotumiwa kwa mji huo, iko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya mji, na safari hiyo ya nchi kavu haimo kabisa kwenye hesabu yao.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye ile sentensi ya ramani.

Mchangiaji wa 5: Mkuu wa Narita, ukishatua pale, treni na basi kipi kinafika mjini mapema?

Mchangiaji wa 4: Treni, ila chagua ile ya haraka, kwa sababu nyingine husimama vituo vingi.