Nimemaliza Ringu na Kairo, naombeni ushauri wa filamu nyingine za kutisha za Kijapani

Wakuu, habari zenu. Nilianza na Ringu ya Hideo Nakata (1998), nikaja Ju-On ya 2002. Ila iliyonishika kabisa ni Kairo ya Kiyoshi Kurosawa (2001). Kuna mzimu wa mwanamke anamfuata mtu taratibu, anayumba kama anaanguka, kisha anajiweka sawa na kuendelea kuja. Hakuna damu, hakuna kushtuliwa ghafla. Usiku ule nililala taa ikiwaka.

Kwangu hapo ndipo Wajapani wanapowapita Wamarekani: mzimu hauna haraka. The Ring ya Marekani (2002) niliipenda, lakini inaeleza mno. Audition ya Takashi Miike nayo ni kazi kubwa, ila mateso ya mwishoni siyawezi tena.

Sasa nina mbili mkononi: Kwaidan ya Masaki Kobayashi (1964), yenye hadithi nne, na Cure ya huyo huyo Kurosawa (1997). Nianze na ipi?

Halafu mdogo wangu wa miaka 14 anataka tuangalie pamoja. Nimefikiria Dark Water ya Nakata, kwa kuwa ni habari ya mama na binti yake. Mlioiona, itamfaa au nisubiri kwanza?