Gineko au usingizi: nibobee wapi, na nisomee mji gani?

Mwana_Kadutu
Jambo wakubwa zangu. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Bukavu, kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini. Nikimaliza nataka kubobea, na moyo umegawanyika: gineko (magonjwa ya wanawake na uzazi), au usingizi (kumlaza mgonjwa wa upasuaji kwa dawa) na wagonjwa mahututi. Baba anataka gineko, anasema ndiyo inayoheshimika mjini. Mimi naona usiku mpasuaji yuko tayari, mama yuko mezani, na wote wanamngoja mtu wa usingizi. Tena kuna swali la mji: nibaki hapa, nishuke Lubumbashi, au niende Kinshasa? Mliotangulia, nilinganishieni.

Neema_Ibanda
Mdogo wangu, mimi ni asistanti wa gineko, yaani daktari anayesomea ubobezi huo. Watu huona mchana tu: kliniki, ekografi, mama anayefuatwa tangu mimba changa. Usiku analetwa mwingine kwa pikipiki, uchungu siku ya pili, mtoto amekwama. Kichwa kikibana kibofu muda mrefu hivyo, nyama inakosa damu, inakufa, linabaki tundu. Ndiyo fistula, mkojo unavuja bila kukoma. Angepasuliwa mapema, yasingemfika. Sasa fikiria: wapo madaktari wanaotoka mbali kuja hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, kujifunza kuziba matundu hayo, na wewe uko hapa hapa. Usiharakishe kuhama.

Mzee_wa_Ziwa (Goma)
Kijana, mimi ni daktari wa usingizi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet iliweka lengo la wabobezi 20 kwa kila watu 100,000, ukijumlisha wapasuaji, magineko na watu wa usingizi. Huku kwetu tuko mbali mno na hapo, na sisi wa usingizi ndio wachache kupita wote. Hospitali nyingi za vijijini kazi hiyo inafanywa na wauguzi, na wanaifanya kwa moyo. Ketamini, dawa ya usingizi, inawasaidia kwa sababu mara nyingi mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Lakini mama aliyemwaga damu nyingi, ukimchoma sindano ya ganzi ya mgongo, presha inaweza kuanguka ndani ya dakika chache. Hapo anahitajika mtu aliyesoma, tena awe macho.

Upande wa pesa sikufichi. Gineko anafungua kabine yake, kliniki ya binafsi, mtaani. Sisi hatuna wagonjwa wetu, tunategemea hospitali. Pima hilo pamoja na baba yako.

Kasapa_Lushi
Mimi naongea juu ya mji. Kinshasa wagonjwa wengi watakuelezea ugonjwa kwa Lingala. Utajifunza, ila miezi ya kwanza utakuwa unamuuliza mgonjwa kupitia mdomo wa mwingine. Huku Lubumbashi utamwelewa mama tangu siku ya kwanza, hata kama Kiswahili chetu kina namna yake. Kuna hospitali ya Sendwe, kuna kliniki za chuo, wagonjwa hawakosekani. Ubaya: ni mbali na kwenu, ndege ni ghali, na pesa ya migodi imepandisha bei za nyumba. Kabla ya kujiandikisha, ulizia kama asistanti analipwa au ndiye anayelipa.

Neema_Ibanda
Nimekumbuka jambo. Dokta Mukwege, mwanzilishi wa Panzi, alianza akiwa na nia ya kutibu watoto. Alimaliza udaktari Bujumbura mwaka 1983, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, kijijini, akaona jinsi mama wanavyokufa kwa uzazi. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea gineko. Panzi ilikuja 1999. Kwa hiyo hakuna ubaya ukifanya kwanza udaktari wa jumla kijijini, mwaka mmoja au miwili.

Mama_Furaha
Mwanangu, mimi ni muuguzi wa usingizi, nimezeekea kazini. Omba ukae kichwani pa mgonjwa, gadi (zamu) za usiku, ukiwa umeshika mapigo ya moyo wake. Oksijeni ikatike kwa sababu umeme umekwenda, uone akili yako inatulia au inakimbia. Jibu utalipata huko kuliko hapa.

Mwana_Kadutu
Aksanti sana, mama, na ninyi wote. Staji iliyobaki nitaomba niifanye upande wa usingizi, halafu nitafute nafasi kijijini. Baba nitaongea naye Jumapili. Dada Neema, mafunzo ya fistula yanapokea daktari wa jumla?

Neema_Ibanda
Ni kazi ya mtu ambaye mkono wake umeshazoea kupasua. Jifunze kwanza sezariani, yaani kumtoa mtoto kwa upasuaji, uifanye vizuri. Masharti nenda ukayaulize pale pale Panzi, usiyachukue kwenye WhatsApp.